Mkebe Uliobaki Shambani

Kabla hujampa mtu mkebe wenye kipande cha mwili wa mgonjwa wake aupeleke maabara, muulize kwanza: kwenu, kitu kama hiki hufanyiwa nini? Usimuulize kama ameelewa. Kila mtu akisimama mbele ya sare nyeupe huwa ameelewa. Muulize kwao hufanyaje, kisha unyamaze umwache aseme mpaka amalize. Hilo ndilo jambo kubwa ninalolijua katika kazi hii, na nimelitanguliza kwa sababu nawajua ninyi vijana, mkifika ukurasa wa pili simu imeshawaita.

Nilikuwa muuguzi wa wadi ya upasuaji hapa Nakuru. Miaka yangu ya mwisho niliondolewa kwenye dripu na vidonda nikapewa kazi ambayo haikuwa na jina. Siku hizi naona ina cheo, ina meza na kompyuta. Wakati wetu ilikuwa simu moja ya mezani iliyotiwa kufuli, na mimi. Mgonjwa wa saratani aligunduliwa hapa, akapasuliwa kwingine, akatundikiwa dawa kwingine kabisa, na katikati hapakuwa na mtu. Matroni akaniambia, wewe una mdomo, kaa hapo katikati. Nikakaa.

Saratani zote sizipendi, lakini ile ya kongosho niliichukia. Nyingine hukupa nafasi ya kukosea kidogo na kurekebisha. Hii haikupi. Wagonjwa wengi hufika wakati kisu hakina tena la kufanya. Wachache wanaowahi, hao wa kupasulika, nilikuwa nawapeleka hospitali moja ya misheni kule milimani, ambako palikuwa na daktari aliyeiweza kazi hiyo. Akishatoa uvimbe, mgonjwa hupona kidonda, hula, hupata nguvu, halafu ndipo aende Nairobi kuanza dawa ya saratani. Hapo pana dirisha. Ukienda mapema mno, kidonda kinafumuka. Ukichelewa, mbegu zilizobaki zinaota. Mambo yakienda vizuri, yote yanapita kwenye dirisha hilo dogo, na kazi yangu ilikuwa kulishikilia lisijifunge.

Aliyenifundisha kulishikilia ni Sista Priskila, mwanamke mfupi aliyekuwa mkali kama pilipili, ambaye hata matroni alikuwa akimwamkia kwanza. Alikuwa akisema daktari bingwa hapatikani kwa simu, anayepatikana ni yule anayemtengenezea chai. Basi kila hospitali niliyofanya nayo kazi nilijua jina la mtu wa chai, na la mtu wa lango, na la yule wa kusafisha chumba cha upasuaji. Madaktari walihama kila mara. Hawa hawakuhama. Mkitaka kujua kama mgonjwa wenu amefika salama, msiulize ofisini. Ofisini watawaambia mpige tena kesho.

Ni Priskila pia aliyenifunza habari ya chai yenyewe. Kulikuwa na bibi mmoja kutoka Kariandusi ambaye tulimpangia upasuaji tukamwambia asile kitu tangu jioni. Akasafiri, akapimwa, akalazwa mezani, daktari wa usingizi akamuuliza, amekula? Hajala. Amekunywa? Akasema chai tu, ya maziwa, na andazi moja la kusindikizia. Akateremshwa mezani akarudishwa nyumbani, na zamu yake ikampita. Nilirudi kwa Priskila nikiwa nimefura kwa hasira, akaniangalia kama mtu anayemtazama kuku. Akasema huku kwetu chai si chakula, chai ni salamu, nani angekataa salamu? Tangu siku ile nilisema: usitie chochote mdomoni, hata chai. Kisha narudia, hata chai.

Yalikuwepo mengine ya kuchekesha. Kuna mzee alipewa zile picha kubwa nyeusi za tumbo lake azitunze mpaka siku ya daktari, nami nilipomfuata kwake nikazikuta zimepigiliwa dirishani badala ya kioo. Alinieleza kwa fahari kwamba zinapunguza jua. Tulizing'oa pamoja, na daktari alizisoma hivyo hivyo zikiwa na matundu ya misumari. Nawaambia haya ili mjue kwamba tulicheka sana katika kazi ile. Habari ya Josphat ndiyo sijawahi kuisimulia nikicheka, ingawa yeye mwenyewe alikuwa mtu wa mzaha kuliko wote.

Josphat alikuwa mkulima wa viazi upande wa Sachangwan, mtu wa makamo, mrefu, mwenye mikono kama majembe. Alifika kwetu mwaka wa 2007 baada ya kutibiwa malaria, akatibiwa taifodi, akatibiwa tena malaria. Macho yake yalikuwa ya manjano mpaka yalitisha, mkojo kama chai ya rangi, na alijikuna mchana kutwa akiwa hana maumivu. Vijana, mtu mzima akigeuka manjano bila maumivu, naye anakonda na kujikuna, acheni kumtafutia mbu. Mpigeni picha ya tumbo siku hiyo hiyo.

Picha ilionyesha uvimbe kwenye kichwa cha kongosho. Nilikaa kitandani pake pamoja na mkewe, Rahabu, nikaanza kueleza kongosho ni kitu gani, nikitafuta maneno. Josphat akanikata.

"Hiyo si ile nyeupe nyeupe iko nyuma ya matumbo? Sisi tukichinja tunarushia mbwa."

Nikamwambia ndiyo, ni hiyo hiyo.

"Na mimi sikuwa najua hata iko na kazi," akasema. Rahabu alicheka, nami nikacheka, halafu tukaacha wote kwa pamoja.

Nilimpenda mgonjwa yule. Msiamini wanaowaambia kwamba muuguzi hapendi mmoja kuliko mwingine. Nilimhangaikia. Mtu wa manjano damu yake haigandi vizuri, kwa hiyo nilihakikisha amechomwa sindano za vitamini za kugandisha kabla hajapanda mlimani, maana nilishawahi kusikia habari za mtu mwingine alivyovuja damu mezani. Kanisa lao lilishuka zima kutoa damu, wakiimba, mpaka mtu wa maabara akanipigia simu kuniomba nipunguze waumini. Zamu ya kisu ikapatikana mwezi wa Novemba.

Siku ya upasuaji nilimpigia yule mama wa kusafisha chumba cha upasuaji zaidi ya alivyostahili kusumbuliwa. Operesheni ile ni kubwa. Hutolewa kichwa cha kongosho, kipande cha utumbo, nyongo na mfereji wake, kisha vilivyobaki huunganishwa upya kama fundi anavyounganisha mabomba. Alasiri akaniambia, wametoka, na daktari anapiga mluzi. Nilijua maana yake. Uvimbe wote ulikuwa umetoka. Nilitoka nje nikasimama juani nikamshukuru Mungu kwa sauti, na askari wa lango akadhani nimeshinda bahati nasibu.

Sasa mnisikilize hapa. Kilichotolewa kiliwekwa katika mkebe wa plastiki wenye mfuniko wa kukaza, kikamiminiwa dawa ya kuhifadhi. Hospitali ile haikuwa na maabara ya kuchunguza nyama wakati huo, na desturi kila mahali ilikuwa jamaa wa mgonjwa wabebe mkebe wenyewe mpaka Nairobi. Rahabu aliambiwa kule. Mimi pia nilimwambia kwa simu, nikamtajia jengo na barabara, akanirudishia yote bila kukosea. Alikuwa ameelewa kila neno. Pamoja naye alikuwa shemeji yake, Mzee Elija, kaka mkubwa wa Josphat.

Walipofika njia panda, hawakuelekea Nairobi. Walielekea nyumbani.

Nililijua hilo Desemba, Josphat alipokuja kwetu kutazamwa kidonda. Alikuwa amepata rangi ya mtu tena. Kidonda kilikuwa safi, anakula ugali, ananitania kwamba sasa hana nyongo na kwa hiyo nisitegemee atanikasirikia. Nikamuuliza Rahabu majibu ya maabara yalisemaje. Akatazama sakafu.

"Sista, hiyo kitu tulishazika."

Nilidhani sikusikia. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemwonea haya mwenzake kwa kutojua jambo la kawaida. Mzee Elija alisema nyama ya ndugu yake haiwezi kutembezwa Nairobi ndani ya mfuko ikakatwe vipande na watu wasiomjua hata jina. Sehemu ya mtu ikilala ugenini, mwenyewe huifuata. Wakaipeleka shambani, wakachimba nyuma ya jiko karibu na migomba, mzee wa kanisa akaomba, wakafukia. Na kwa nini wasifukie? Ugonjwa ulikuwa umetolewa, upo ndani ya mkebe, wameuzika. Yeye aliona wamemaliza kazi.

Nilimwita Elija. Nilijiandaa kumpa maneno, kwa kuwa nilikuwa nayo mengi. Alikuja na koti lake la Jumapili, akavua kofia, akaniambia kwamba baba yao alikatwa mguu ulipoangukiwa na gogo, wakaubeba mguu wakauzika nyumbani, na alipokufa miaka mingi baadaye alilazwa kando yake. Hakuna aliyewahi kuwauliza maabara. Maneno yangu yakaniishia. Katika wadi yetu wenyewe, mtu akikatwa mguu, jamaa huuomba wakauzike, nasi huwapa. Tulikuwa tumewapa miguu miaka yote bila swali, kisha tukawapa mkebe tukitarajia wafanye jambo jingine.

Nikamweleza kwa nini ule mkebe ulikuwa na thamani. Daktari wa Nairobi hawezi kutundika dawa ya saratani kwa sababu ya picha na mluzi wa daktari mwenzake. Kuna uvimbe wa kifua kikuu unaofanana na ule, kuna uvimbe wa aina nyingine unaotaka dawa nyingine. Jibu limo ndani ya ile nyama, na hakuna kipande kingine popote, maana kilichotolewa chote kilikuwa humo. Elija akauliza, "Na ikitolewa, itarudishwa?"

Nikamwahidi itarudishwa. Akakubali.

Niliwapigia watu wa maabara, wakaniambia kama mfuniko umekaza na dawa haijamwagika, hata ukikaa ardhini kwa wiki kadhaa nyama itafaa. Nikaona dirisha bado lipo wazi. Elija akasema lakini kaburi halifunguliwi kimyakimya kama shimo la viazi. Wana wa nyumba walio mijini wanakuja Krismasi, kisha kuna kura, na baada ya hapo watu wakiwa wote nyumbani mzee wa kanisa atakuja waifukue kwa heshima. Mwaka mpya, akasema. Nilihesabu kichwani nikaona muda unatosha. Unatosha kabisa. Nikakubali, na yeyote kati yenu angekubali.

Yaliyofuata baada ya kura mnayajua, na kama hamyajui waulizeni wazazi wenu, watanyamaza kwanza kisha watawaambia. Mimi nitasema tu kwamba majirani waligeukiana, watu wakafukuzwa mashambani mwao, kwamba kutoka wadini tuliona moshi upande wa juu, na kwamba hatukulala vizuri tena kwa muda mrefu. Barabara zilifungwa kwa mawe na miti. Kredo ya simu iliadimika. Wagonjwa wangu wa Nairobi hawakwenda Nairobi, na wa milimani hawakupanda. Nilikaa kando ya ile simu yenye kufuli ambayo sasa nilikuwa na ufunguo wake, na sikuwa na wa kumpigia.

Waliofukuzwa walijaa katika uwanja wa maonyesho ya kilimo hapa mjini. Wauguzi tuliombwa kwenda kusaidia, na mimi nilikwenda nikimtafuta mtu mmoja. Nilimkuta Josphat katika banda la kuonyeshea ng'ombe, amelalia majani makavu, blanketi la msaada kifuani. Nyumba yao ilikuwa imechomwa. Elija alikuwa amekimbilia kwa binti yake huko Ol Kalou. Josphat aliponiona aliinuka kwa kiwiko akaonyesha ubao uliokuwa juu ya kichwa chake, wa ng'ombe aliyeshinda katika maonyesho yaliyopita.

"Sista, karibu. Umeona? Nimepata nambari wani."

Niligeuka nikajifanya natafuta kitu mkobani mpaka macho yangu yakauka.

Kidonda chake bado kilikuwa kizuri, na hilo ndilo lililokuwa likinitesa. Mwili wake ulikuwa tayari. Bwana Mehta, mwenye duka la dawa mjini, alikuwa ameshaagiza dawa kabla ya fujo, na iliwahi kufika. Alinionyesha kwa mlango wa nyuma, vichupa vimepangwa kabatini, mlango wa mbele umeshushwa chuma. Akaniambia nilete tu idhini ya daktari, ataitoa hata Jumapili. Tungeweza kumtundikia hapa hapa Nakuru, daktari akituongoza kwa simu. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa jibu la mkebe.

Nilimpata daktari wa Nairobi baada ya kuhangaika sana. Nilimsihi. Sijawahi kumsihi mwanadamu vile. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kwa upole, "Sista, nikimpa dawa hii mtu ambaye sijui ana nini, naweza kumuua mimi kabla ya ugonjwa. Nipatie kipande, hata kama ni cha ukubwa wa ukucha." Nilimchukia siku hiyo. Alikuwa amesema kweli, na bado nilimchukia.

Ndipo nikasikia kuna lori la kusindikizwa na polisi, linalowapandisha watu mashambani kuchukua mahindi na chochote kilichobaki. Nilimwendea afisa aliyehusika nikamwombea Rahabu nafasi. Nilimpa jembe, glavu, mfuko wa plastiki mzito, na mfuniko mwingine endapo ule wa zamani ungekuwa umepasuka. Nikamfundisha namna ya kuushika mkebe usipinduke. Aliitikia yote. Nikamwona akipanda lori akiwa amelishika lile jembe kama mtoto.

Waliporudi nilikuwa nimesimama langoni. Wengine walishuka na magunia, mabati, milango, mmoja alikuwa na saa ya ukutani. Rahabu alishuka na sufuria nyeusi kwa moshi, na jembe. Nilimuuliza kama ameupata.

"Uko."

"Uko wapi?"

"Pale pale. Nyumba iliisha, jiko ikaisha, lakini pale hakuna mtu aliguza. Hata ile kifusi ni vile tuliacha."

Nikamuuliza mbona basi hakuchimba. Akasema, "Josphat alinikataza."

Nilikwenda bandani moja kwa moja. Nilimwambia Josphat mambo ambayo muuguzi hafundishwi kumwambia mgonjwa. Nilimwambia dawa iko kabatini, na daktari yuko kwenye simu, na lori lilikuwepo na jembe lilikuwepo. Nilimwambia shamba ni lake kwa hati, mkebe uwepo humo usiwepo. Alinisikiliza kwa adabu, kama watu wanavyomsikiliza mgombea. Nilipomaliza akasema:

"Sista, kila kitu yangu imetoka kule. Nyumba, ng'ombe, watoto. Nikitoa na hiyo, si nitakuwa nimehama?"

"Utakufa, Josphat."

"Basi nitakufa kama mtu ako na kwao."

Jibu la neno hilo nimelitafuta kwa miaka mingi nikiwa na muda wa kutosha. Nilirudi siku nyingine nikajaribu njia nyingine, nikamtaja Mungu, nikawataja watoto, nikampeleka mchungaji. Mchungaji alikaa naye kidogo, akatoka akasema huyu mtu hana shida na Mungu. Lori likapanda tena, Rahabu hakupanda. Halafu malori yakaacha kwenda upande ule. Nami kila asubuhi nilijua dirisha limesogea kidogo tena, nikavaa sare nikaenda kazini kama kawaida, kwa maana kulikuwa na wengine.

Sista Priskila nilimwendea nyumbani kwake wakati huo. Nilitaka anitukane. Nilitaka aniambie ningefanya hivi au vile, nijue kosa langu nilibebe. Alikuwa amezeeka, miguu imevimba, akanitengenezea chai. Akasema hakuna mahali uliteleza. Hilo ndilo lililonivunja. Nimejitafuta katika habari ile yote sijajipata, wala Rahabu sijamwona humo, wala Elija, wala daktari. Kila mmoja alifanya lililo sawa kwake, na mtu akafa katikati yetu.

Kwa maana alikufa. Mvua ndefu zilipokolea, maumivu ya mgongo yalimwanza, yale yanayomfanya mgonjwa alale amejikunja mbele. Kisha macho yakarudi kuwa manjano, na tumbo likajaa maji. Hapo hatukuhitaji tena maabara. Daktari wa Nairobi alisema sasa anaamini, na sasa dawa haina maana. Tulimlaza wadini kwetu tukampa ile dawa ya maumivu ya kunywa, na nilihakikisha hakosi. Hilo nililiweza. Mzaha wake ulipungua ukaisha kabla yake. Rahabu alikuwa amemshika mkono.

Msiniulize kama dawa ingemwokoa. Kwa saratani ile wengi hutundikiwa dawa zote na bado hurudiwa. Pengine angepata mwaka, pengine asingepata kitu. Sijui, wala hakuna anayejua. Naandika haya nikiwa sina faraja ya kuwapa, na nawaonya msiwaamini wanaostaafu wakawaambia kila kifo kina somo.

Lakini kazi ina namna zake, na namna hii niachieni niwakabidhi. Baada ya Josphat nilipanda milimani mwenyewe nikakaa na yule daktari wa mluzi. Tukakubaliana kwamba kabla ya mkebe kufungwa, yeye atakata kipande kidogo kiende maabara na dereva wa hospitali, kisianguke mikononi mwa familia kabisa. Kilichobaki, familia ikitaka, ni chao. Wakazike wapendavyo. Na mimi hapa Nakuru nikaanza kuuliza lile swali. Wengine waliniambia kwao hakuna neno, tupa tu. Mama mmoja Mhindi wa mjini aliniambia mambo ya kuchoma na maji ambayo sikuyajua. Wengi walisema polepole, kwetu huzikwa. Tangu hapo hakuna jibu lililopotea mikononi mwangu hata mara moja. Kipande cha maabara, kipande cha shamba. Ni jambo la dakika chache na kisu kikali. Nikilifikiria sana huwa siwezi kula.

Josphat alizikwa hapa mjini katika makaburi ya umma, kwa sababu huko juu hapakuwa pa kwenda. Mvua ilikuwa inanyesha kidogo. Watu wa uwanjani walikuja wengi, na Elija alikuja kutoka Ol Kalou na lile koti lake, akasimama nyuma. Rahabu hakulia. Wanawake walimzunguka wakidhani ameganda kwa huzuni. Udongo ulipokwisha kurudishwa nilimwendea, nikamshika mkono, nikamwambia pole, na pole zaidi kwa kumzika mumewe mbali na nyumbani.

Akanitazama kama mtu asiyeelewa ninasema nini.

"Josphat tulizika Desemba, Sista, kwake. Hapa tumeleta tu ile ilibaki."

Akaniachilia mkono taratibu, bila chuki yoyote.

"Na wewe ulikuwa unataka tumfukue."